Roketi ya Karatasi Katika Milima ya Rusizi

Tarehe 5 Juni 1978, huko Shaba, nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi mbele ya Rais Mobutu. Ilipaa kidogo, ikainama, ikaanguka bondeni. Moto ulikuwapo, ulikosekana mwelekeo.

Mkosi huo waweza kumfika hata baba aketiye mezani na mwanawe huko Butare ya Rusizi (si ile ya Huye), wakiunda roketi ndogo ya ngazi mbili. Vipande vyake ni mabomba ya karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, pua, mwavuli, na injini mbili za kiwandani. Injini ya chini ikiisha kuungua huiwasha ya juu, nayo ngazi ya chini hudondoka.

Ugumu wote umo katika uzito. Roketi huenda sawa pale tu kitovu cha uzito kinapokuwa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, na injini ya pili huuvuta uzito nyuma. Ndiyo maana mapezi ya chini hufanywa mapana. Basi, ndugu msomaji, tia injini zote, funga uzi pale roketi inaponing'inia sawasawa, kisha izungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, vema. Ikiyumba au mkia ukitangulia, ongeza udongo wa mfinyanzi ndani ya pua, ujaribu tena. Ngazi ya juu nayo ijaribiwe peke yake. Gundi ya mapezi ilale usiku kucha, hata kijana akinung'unika.

Nyumbani mwa askari neno moja halina mjadala: baruti ya risasi isiguswe. Injini ya kiwandani ilitokana na kazi ya Orville Carlisle, muuza viatu wa Nebraska, Marekani, mwaka 1954.

Roketi husimama wima kwenye fimbo ya chuma na kuwashwa kwa waya wa umeme, watu wakiwa mita 10 mbali. Ikiinama kabla ngazi ya pili haijawaka, itaruka kando kama mshale. Kwa hiyo mteremko wenye nyumba haufai. Uwanda wa Bugarama una nafasi, ila Burundi na Kongo ziko jirani: wajulisheni polisi mapema, na upepo ukivuma kuelekea mpakani, rudini siku nyingine.