Karo, Kofia na Cheti: Jipange Kusomea Uchomeleaji Vyuma Ukiwa Kariandusi

Ukisafiri kwenye barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kutoka Kariandusi hadi Gilgil ama upande wa Nakuru, hukosi kuona cheche za welda kando ya njia. Hapa geti, pale fremu ya dirisha, kule trela inayozibwa ufa. Kazi iko. Swali ni je, utaiingiaje bila kupoteza pesa wala macho?

Ufundi hapa si jambo la jana. Kwenye makumbusho ya Kariandusi, eneo alilolichimba Louis Leakey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kuna shoka za mawe zilizochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, nyingine kwa obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Tofauti ni kwamba fundi wa leo anaulizwa cheti.

Chagua njia inayokufaa

Kwa kozi ya diploma, vyuo vya umma huhitaji angalau C- kwenye KCSE. Kwa cheti ni D, na kwa ngazi ya artisani hata aliyepata E anakaribishwa. Kama hukufika kidato cha nne, uliza kituo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti. Vituo hivi viko chini ya serikali za kaunti. Na kama tayari unafanya kazi jua kali, unaweza kufanya mtihani wa NITA: unaanza na Gredi ya III, kisha II, halafu I.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013.

Lipa chuo, usilipe mtu

Msimu wa kujiunga na vyuo ndio msimu wa matapeli. Mtu anakupigia: "Nafasi zimebaki mbili, tuma ya kushikilia kwa namba hii." Kata simu.

- Tumia Paybill iliyoandikwa kwenye barua ya kujiunga. Malipo mengi ya serikali sasa hupitia eCitizen, Paybill 222222.
- Kwenye sehemu ya akaunti, weka namba uliyopewa na chuo. Ukikosea tarakimu moja, karo inaweza kuingia kwa mwanafunzi mwingine.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha.
- Usifute ujumbe wa malipo. Uende nao kwa mhasibu, upewe risiti.

Ukituma kwa namba isiyo sahihi, piga huduma kwa wateja papo hapo. Pesa zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Karo ikikulemea, mwanafunzi wa chuo cha umma anaweza kuomba mkopo wa HELB. Ni deni, utalilipa. Lakini ni afadhali kuliko kulipa karo ya muhula mzima kwa mikopo ya simu ya siku chache.

Akiba ya kwanza ni ya macho

Mwanga wa welda una miale inayounguza jicho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga umemwagwa machoni. Miwani ya jua haisaidii. Unahitaji kofia yenye kioo cheusi cha namba 10 hivi ama zaidi, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika vidole. Na usichomelee mabati yenye zinki ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake huleta homa.

Ukiweka shilingi 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, baada ya wiki 52 una 31,200. Anza na vifaa vya kujikinga, halafu grinda, mashine ije baadaye. Weka akiba hiyo mbali na salio la matumizi, la sivyo itaisha kwa nauli na chipsi.

Ukianza kazi

Tuseme mteja anataka geti la shilingi 28,000, na vyuma, rodi na rangi vitakula 18,000. Omba malipo ya awali ya asilimia 70, yaani 19,600. Hapo vifaa vyote vimelipiwa kabla hujawasha mashine, na mteja akitoweka hujaingia hasara ya hadiwea.

Pokea kupitia Till, si namba yako binafsi. Pesa ya kazi haichanganyiki na ya nyumbani, na taarifa ya miezi 6 inamwonyesha mkopeshaji kwamba biashara yako inazunguka. Na PIN yako ni yako pekee: usimpe mteja, msaidizi, wala anayedai kupiga kutoka kwetu.