Dirisha la boti likivuja, usikimbilie kupaka gundi

MSIMU wa kusi ndio wakati ambapo wamiliki wengi wa boti za uvuvi wa burudani katika Pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni hadi Watamu, huvipandisha vyombo vyao nchi kavu. Bahari huwa imechafuka, wageni huwa wachache, na mafundi hupata nafasi ya kufungua injini, kukwangua rangi kuukuu na kupaka mpya.

Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo huahirishwa mwaka nenda mwaka rudi, nayo ni ya kubadilisha madirisha ya kabini yanayovuja. Tone la maji kwenye kiti halimtishi mtu. Hupanguswa kwa kitambaa, safari ikaendelea.

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosea. Mimi na kaka yangu tulinunua kwa ubia boti ya faiba yenye umri wa zaidi ya miaka 30, tukaiweka katika hori ya Mtwapa ili iwe ikikodishwa na wavuvi wa samaki wakubwa. Kwa miaka mitatu mfululizo, kila masika ilipoanza, tulinunua mkebe wa silikoni na kuipaka juu ya ile ya mwaka uliotangulia.

Mwaka wa nne, redio ya mawasiliano ilizimika chombo kikiwa mbali na ufuo, na abiria wakiwa ndani. Nahodha alirejea salama kabla ya jua kutua, lakini alipofungua ubao ulio mbele ya usukani alikuta viungo vya nyaya vimegeuka ungaunga wa kijani. Maji yalikuwa yametiririka kutoka dirishani, yakafuata waya hadi nyuma ya redio. Tulipoling'oa dirisha lenyewe, bisibisi ilizama katika plaiwudi ya ukuta hadi kwenye mpini.

Kwa nini boti kuukuu huvuja

Mafundi wa majahazi wa Lamu wamerithi ujuzi wa kukalafati, yaani kusindilia pamba iliyoloweshwa mafuta katikati ya mbao. Ujuzi huo hufaulu kwa sababu mbao ikilowa huvimba, na mwanya hujifunga wenyewe. Boti ya faiba haina tabia hiyo. Dirisha lake likishaanza kupitisha maji, halitajifunga kamwe.

Boti nyingi zilizoundwa katika miaka ya 1970 na 1980 zina madirisha ya fremu za alumini zilizokazwa kwa skrubu, huku kioo kikishikiliwa na ukanda wa mpira. Jua na chumvi huukausha mpira huo hadi ukapasuka. Gundi iliyowekwa kati ya fremu na ukuta nayo huwa ngumu na kubanduka.

Isitoshe, kila kitu hapo husogea kwa kadiri yake. Kipande cha akriliki, ile plastiki angavu itumiwayo badala ya kioo, chenye urefu wa mita moja hurefuka kwa takriban milimita 2 joto linapopanda kwa nyuzi 30. Alumini ya urefu uo huo hurefuka kwa chini ya milimita moja, na kioo cha kawaida kwa takriban robo tu ya milimita. Ongeza hapo mtikisiko wa injini na kishindo cha mawimbi, nawe utaelewa ni kwa nini kiungo kisicho na unyumbufu hakidumu.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Ukuta wa kabini mara nyingi ni tabaka mbili za faiba zilizobana plaiwudi au mti mwepesi wa balsa katikati. Pale dirisha lilipokatiwa, ukingo wa mbao hiyo ulibaki wazi, ukitegemea gundi pekee. Maji yakipenya hapo hayana pa kutokea, na mbao huoza kimyakimya huku rangi ya nje ikimeta.

Tafuta tundu kabla ya kung'oa

Maji ni mjanja. Huingia mahali pamoja na kujitokeza kwingine. Mara nyingine dirisha husingiziwa, ilhali mkosaji ni skrubu ya kishikio kilicho juu ya paa.

Chukua mpira wa maji na umwombe mwenzako akae ndani na tochi. Anza kumwagia sehemu ya chini ya dirisha kwa dakika kadhaa, kisha pande zake, kisha juu, na mwisho kabisa paa. Ukianza juu, maji yatashuka na kulowesha kila mahali, nawe hutajua yalikoingilia. Unga wa chaki ukipakwa ndani kuzunguka fremu utaonyesha wazi njia ya tone la kwanza.

Iwapo dirisha ni la kusukuma kando, chunguza kwanza mfereji wake wa chini. Mfereji huo huwa na vijitundu vya kutolea maji nje. Mchanga, chumvi na nyuzi za kitambaa kilichochakaa vikiviziba, maji hujaa na kumwagikia kabini. Kipande cha waya na maji safi vyaweza kumaliza shida yote, bila ya gharama nyingine.

Kung'oa na kutibu ukuta

Ikibainika kuwa kiungo chenyewe ndicho kibovu, hakuna mkato. Sharti dirisha litoke. Kupaka gundi mpya juu ya kuukuu ni kuyafungia maji ndani. Tena silikoni huacha utando usioonekana ambao gundi nyingine haishiki juu yake.

Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikikaa ndani ya alumini kwa miaka mingi katika hewa ya chumvi, metali hizo mbili hulana na kushikana. Zitie mafuta ya kulegeza usiku kucha, na usizilazimishe. Baada ya hapo, usichokoe fremu kwa patasi kwenye pembe moja, kwani itapinda na haitanyooka tena. Pitisha mshipi imara wa nailoni nyuma ya ukingo wake, uuvute huku na huku kama msumeno. Mshipi huikata gundi bila ya kujeruhi faiba.

Kabla ya kufanya lolote jingine, chora umbo la tundu kwenye ubao mwembamba na uuhifadhi. Ubao huo ndio kipimo chako. Usitegemee kioo cha zamani kupimia, maana huenda hakikuwa kikikaa sawasawa tangu awali.

Sasa dunga ukingo wa mbao kwa bisibisi pande zote. Palipo laini pameoza. Iwapo uozo ni wa kina kidogo, chimbua mbao hiyo kati ya tabaka mbili za faiba, acha pakauke kwa siku kadhaa chini ya turubai, kisha ujaze epoksi iliyotiwa unga wa kuifanya nzito. Hata mbao ikiwa nzima, chimbua kidogo na uzibe ukingo wote kwa epoksi. Siku gundi itakapoachia tena, maji hayatakuta mbao.

Uozo ukiwa umeenea mbali, itabidi kufungua tabaka la ndani na kuweka plaiwudi mpya. Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi. Kazi ambayo ingechukua siku mbili ilichukua majuma matano, na msimu ukaanza boti ikiwa ingali juu ya magogo. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ukuta huo haukuwa wa methali.

Kioo au plastiki?

Dirisha la mbele lenye kipanguzi cha mvua lafaa kuwekwa kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika hugeuka punje butu badala ya vigae vikali. Kumbuka kwamba kioo cha aina hiyo hakikatwi wala kutobolewa kikishatengenezwa. Mpelekee fundi ubao wako wa kipimo, na uhakikishe hauna kosa.

Madirisha ya kando yaweza kuwekwa akriliki, ambayo ni nyepesi na hustahimili jua kwa miaka mingi. Polikaboneti huhimili kishindo kuliko zote, ila huchubuka upesi, na isipokuwa na utando wa kinga hugeuka manjano juani. Lolote utakalochagua, usipunguze unene uliokuwepo. Mbunifu wa boti aliupanga kwa ajili ya wimbi, si kwa ajili ya mvua.

Pembe za akriliki ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiko ufa huanzia. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu zenyewe, ili plastiki ipate nafasi ya kutanuka. Usitumie skrubu zenye kichwa cha kuzama, kwani hupasua plastiki kama kabari. Aidha, usiisafishe kwa thina, petroli wala asetoni. Vimiminika hivyo huitia nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Maji ya sabuni yanatosha.

Gundi ipi, na kiasi gani

Hapa ndipo wengi hupotoka. Fremu ya alumini ikikaa juu ya faiba, utepe wa butili au gundi ya poliyurethani hufaa. Akriliki inayogandishwa moja kwa moja ukutani huhitaji silikoni ya nguvu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Gundi ya polisalfaidi, ambayo husifiwa sana kwa kazi za mbao, huila akriliki na polikaboneti, hivyo isikaribie kabisa. Nayo silikoni rahisi ya dukani inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula metali.

Kosa jingine ni kukaza mno. Mtu hukaza skrubu hadi gundi yote ikatoka nje, akabaki na utando mwembamba kama karatasi. Utando huo hauwezi kunyumbuka, nao hukatika joto la kwanza. Weka vipande vidogo vya mpira vya unene wa milimita 3 chini ya kioo ili gundi ibaki na kimo hicho. Kaza kwa wastani tu, kisha uache.

Gundi za aina hizi hukauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa kutumia unyevu ulio hewani. Kwa hivyo, subira ya juma moja si ya kupita kiasi. Skrubu zinazorudi ndani ya alumini zipakwe grisi maalumu ya kutenganisha metali, ili atakayezifungua siku za usoni asitaabike.

Kazi ikiisha, rudia jaribio la mpira wa maji, chini kwenda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya boti kurudi majini. Huchukua nusu saa. Sisi sasa tunafanya hivyo kila Julai, kaka yangu akiwa nje na mpira wa maji, nami nikiwa nimepiga magoti ndani, nikiitazama chaki iliyokauka kuzunguka dirisha lile lile lililotugharimu msimu mzima.