Siku Jiko Linapofunga

Mvuvi wa Rumonge huuhesabu mwezi kwa kazi yake: unapokuwa mpevu huvuta mtumbwi ufukoni akapumzika, kwa kuwa ndagala hawaifuati taa ilhali ziwa zima linang'aa, na giza linaporejea huwasha taa zake akaingia tena Tanganyika. Kwa hesabu hiyo hiyo ya mwezi unaopungua, Wahindu wenye asili ya Gujarati, ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, huitambua Shitala Satam, saumu ambayo kinachofungishwa hasa ni jiko.

Rumonge, mji wa mawese na samaki, saumu ikitajwa hufahamika Ramadhani. Lakini Bujumbura, kilomita 70 hivi kaskazini, upo mtaa wa Asiatiki, ukumbusho wa Wahindi waliofika tangu enzi za Wadachi, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, wengi wao watu wa Gujarati, Waislamu kwa Mabaniani.

Shitala Satam ni siku ya saba baada ya mwezi mpevu katika mwezi wao wa Shravan, aghalabu Agosti, siku moja kabla ya maulidi ya Krishna. Siku ya sita wanawake hupika kutwa, hasa thepla, mikate ya unga wa ngano na majani ya uwatu isiyoharibika upesi. Usiku jiko huzimwa, likasafishwa, likapakwa unga mwekundu kwa taadhima. Na kunapokucha, baada ya kuoga maji baridi, nyumba nzima hula kiporo. Kiporo, ambacho kwetu mgeni hatengewi, siku hiyo ndicho chakula cha ibada!

Shitala, maana yake mwenye ubaridi, ni mungu wa kike anayeaminiwa kuwa ndiye aletaye ndui na ndiye aiondoaye; huchorwa amepanda punda, ana ufagio na mtungi wa maji, pamoja na majani ya mwarobaini, mti tunaoujua vema kwa uchungu wake. Wanawake husimuliana habari za mke kijana aliyepitiwa na usingizi akimbembeleza mwanawe, akasahau kuzima moto. Usiku Shitala akaja kugaagaa jivuni apate kupoa, akaungua, akalaani, na mtoto akakutwa amekufa kwa kuungua. Mama akambeba maiti akashika njia, hata akamkuta kizee chini ya mti, akaketi kumtoa chawa kichwani. Kizee alipoona raha akamrudishia mtoto uhai wake, maana alikuwa Shitala mwenyewe.

Ndui yenyewe ilikomea katika mwambao wa Afrika Mashariki. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida, Oktoba 1977, alikuwa Ali Maow Maalin wa Merka, Somalia, naye akapona. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa maradhi hayo yametoweka. Kazi yake Maalin, hospitalini pale Merka, ilikuwa upishi.