Barthel Hakupanda Nyamirambo

Mgonjwa wa kiharusi akifika kwangu Nyamirambo, hapa Kigali, ukoo wake hufika na matibabu yake tayari. Shangazi ameshauchua mkono kwa mafuta ya moto. Kaka mkubwa amesikia kwamba siku ya kwanza ikipita mtu hajainuliwa ndiyo basi tena, kwa hiyo mzee wa watu kaburuzwa chumbani tangu alfajiri. Mke wa fundi cherehani mmoja wa Biryogo alinibana mlangoni kabla hata sijamsalimia mumewe, akiniita "kine", yaani mtaalamu wa tiba ya viungo: "Kine, kule alikolazwa walimwacha kitandani kutwa nzima. Si uzembe huo?"

Nikamvutia kiti nikamweleza habari za jaribio linaloitwa AVERT. Wagonjwa 2,104 wa kiharusi, katika hospitali 56 za nchi 5, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliinuliwa kitandani mapema zaidi, ndani ya saa 24, na kufanyishwa mazoezi mengi zaidi. Sisi watu wa viungo tulikuwa na hakika kundi la pili lingeshinda. Matokeo yalipotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2015, lilikuwa limeshindwa: baada ya miezi 3, waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 46, na katika kundi la kawaida ni asilimia 50. Wala haina maana mgonjwa aachwe alale tu, kwani hata katika huduma ya kawaida wengi waliinuliwa ndani ya siku ya kwanza. Shida yaelekea ilikuwa kipimo cha mazoezi. Uchambuzi uliofuata mwaka 2016 ulionyesha kuwa vipindi vifupi vya mara kwa mara vilienda na matokeo mazuri kuliko vipindi virefu.

"Kwa hiyo wakubwa wenyewe walikosea?" aliniuliza.

"Walikosea, mama, na wakachapisha."

Habari za namna hii hutufikia kupitia majarida ya kitaaluma. Tiba ya viungo na utengamao ina majarida yake, na mojawapo la zamani ni Archives of Physical Medicine and Rehabilitation la Marekani, lililoanza mwaka 1920 kama jarida la eksirei, enzi ambazo matibabu ya mionzi na yale ya umeme yalikuwa hayajatengana sana. Mwandishi hapeleki makala leo yakatoka kesho. Mhariri huyasoma kwanza. Yakimridhisha huyatuma kwa wataalamu wawili watatu wa fani hiyohiyo, ambao mara nyingi mwandishi hajui ni akina nani. Kwa kawaida hawalipwi. Kazi yao ni kutafuta kasoro. Hawa wagonjwa uliwapataje? Walioacha katikati wako wapi? Mbona umepima nguvu ya mkono, wakati mgonjwa shida yake ni kufunga vifungo vya shati? Miezi hupita katika kujibizana, na makala mengi huishia kukataliwa.

Uhakiki huo hauzuii kila uongo. Tena siku hizi kuna majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ili mradi umelipa. Barua pepe zao huniita "profesa mashuhuri", cheo ambacho hata mke wangu hajanipa.

Fani yetu ina ugumu wake mwenyewe. Anayejaribu dawa mpya anaweza kuwapa nusu ya wagonjwa kidonge kisicho na dawa ndani yake, asijue mtu nani kapewa nini. Mimi nitampaje mgonjwa mazoezi ya uongo? Akitembezwa anajua katembezwa, na aliyemtembeza anajua pia. Kinachobaki ni kumficha mpimaji: aje mtu asiyeambiwa nani alikuwa kundi gani, apime na kuandika. Nikifungua makala yoyote ya tiba ya viungo, hicho ndicho ninachokitafuta kabla ya majedwali. Mpimaji akiwa ndiye aliyetibu, naendelea kusoma, lakini kwa jicho la pembeni.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ilifanyika hapahapa Kigali. Dawa za kwanza za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ziliokoa maisha, lakini kwa wengine zilihamisha mafuta mwilini: mashavu yakabonyea, miguu na mikono ikakonda, tumbo na shingo vikajaa. Kwa wasiokumbuka miaka ile, mtaani watu waliusoma uso wako kabla hujafungua mdomo. Eugene Mutimura, aliyekuwa katika Taasisi ya Afya ya Kigali, pamoja na wenzake waliwachukua watu 100 wa namna hiyo, 50 wakafanya mazoezi chini ya usimamizi kwa miezi 6, na 50 wakaendelea bila mazoezi. Waliofanya mazoezi walipungua kiuno, mafuta na sukari katika damu vikashuka, pumzi ikaongezeka. Makala yalichapishwa mwaka 2008, na mengine yakaeleza jinsi maisha yao yenyewe yalivyokuwa bora. Hakikutumika kidonge kipya hata kimoja. Huwa nawapa wanafunzi wayasome kabla ya chochote kutoka ng'ambo.

Maana vipimo vingi vya ng'ambo vimejaribiwa kwenye sakafu ya ng'ambo. Chukua kipimo cha Barthel, tunachokitumia kila siku. Daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa viungo Dorothea Barthel walikichapisha mwaka 1965 katika jarida la madaktari wa jimbo la Maryland: mambo 10, jumla ya alama 100. Kula, kuoga, kuvaa, choo, na kadhalika. Kutembea yadi 50 mahali tambarare kunakupa alama 15, kupanda ngazi alama 10. Yadi 50 za tambarare Nyamirambo, nionyesheni zilipo! Huku mtu akitoka mlangoni anakutana na ngazi za udongo, akizimaliza anakutana na mteremko, na chooni hakuna pa kukalia.

Mwalimu mmoja wa madrasa ninayemtibu anapata alama 90, kwenye karatasi karibu amepona. Yeye analia na sijda. Kuinama anainama, kushuka mpaka paji la uso liguse mkeka na kuinuka bila kushikwa, mara nyingi hawezi, na kuswalia kwenye kiti hataki kusikia. Basi tumeanza kuandika nyongeza yetu: sijda, kuchuchumaa chooni, kupanda nyuma ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Kila kimoja alama 0 hadi 2. Haijawa makala bado, kwa sababu mhakiki ataanza na swali moja: wapimaji wawili wakimpima mtu mmoja siku moja, wanapata namba ileile? Juzi tulijaribu kwenye sijda. Mimi nilimpa mwalimu 2. Mwanafunzi akampa 1, akidai kiganja cha kulia kiligusa mkeka kwa ncha za vidole tu na uzito wote ulikuwa kushoto. Tukamwomba mwalimu arudie, naye akatuambia tuelewane kwanza sisi ndipo yeye ashuke tena. Sasa tunaandika upya maelezo ya alama 2, na kiganja kimeingia.