Majibu ya Mkeo si Majibu Yako

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulibaini kuwa asilimia 82.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU nchini Tanzania walijua hali zao. Miongoni mwa waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa. Pengo kubwa, basi, liko kwenye kipimo.

Mkoani Simiyu, mama mjamzito hupimwa kliniki. Mumewe, awe mkulima wa pamba au mfugaji, aweza kukaa miaka bila kupima hadi kifua kikuu kimlaze, kinga ikiwa imeshaporomoka.

Mhudumu wa Bariadi, kikohozi kisichokoma kiwe sababu ya kumshauri mgonjwa apime siku hiyo hiyo. Nawe baba, tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu kujipima. Majibu yakionyesha maambukizi, nenda kituoni ukathibitishiwe. Usitegemee majibu ya mkeo.