Pikapu ya marehemu baba ilivyonigombanisha na mama

MPENZI msomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi. Najua wapo waliozoea kufungua ukurasa huu kutafuta nani kaachwa na nani kafumaniwa, lakini leo mnivumilie, maana na mimi ninaye aliyetaka kunikosesha radhi ya mzazi. Si binti. Ni gari.

Tena usifikirie gari la kumpitishia mrembo mbele ya rafiki zake. Ni mkweche, pikapu aina ya Peugeot 404, iliyokaa juu ya mawe uani kwetu Temeke kwa karibu miaka 20. Ilizimwa mara ya mwisho mwaka 2006, mimi nikiwa na miaka saba. Tangu hapo kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, mama alianikia makopa ya mihogo kwenye bodi la nyuma, na mimi nilijifichia humo kila nilipovunja kikombe.

Marehemu baba aliinunua mkononi kwa mtu miaka ya 80. Kwa ninyi vijana wa mwendokasi niwaeleze kidogo. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kusaidiana na mabasi ya UDA, Dar es Salaam ilijaa usafiri wa kila sampuli. Pikapu nazo ziliwekewa mabenchi nyuma, abiria wakakaa wanatazamana uso kwa uso, magoti yanagusana, kama watu walioketi mgahawani wakisubiri kuhudumiwa. Wenye mji wakazibatiza jina: chai maharage. Ya baba ilikuwa mojawapo. Asubuhi abiria, jioni mkaa, Jumapili maharusi.

Na mzee alikuwa na maringo nayo, wee acha tu! Mgeni akija kwetu alikuwa hanywi hata maji kabla hajasimuliwa kwamba 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, kwamba umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina, na kwamba ilishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ndio aliousimulia kwa kusimama, kwa sababu dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania, na pembeni yake Chris Rothwell. Mwaka 1968 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba yalimaliza magari saba tu. Zile zilikuwa saluni, si pikapu, lakini ungemwambia nani? "Gari hii, mwanangu, imekula tope la Afrika Mashariki nzima," basi na mimi nikakua nikiamini ni hii hii yetu.

Sasa mgogoro. Mei 2025 mama alituita sebuleni akatangaza kwamba anataka kujenga vyumba viwili vya kupangisha uani. Uzee unakuja, biashara ya vitumbua imemchosha, na pale penye pikapu ndipo msingi utakapopita. Kesho yake akaja mnunuzi wa skrepa, akaizunguka mara mbili, akaigonga gonga kwa kidole, akasema laki nne. Aligonga kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni!

Nikamwomba mama anipe muda niifufue. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Wewe? Fundi wa kuandika?"

"Mama, nipe mpaka mwezi wa nane."

"Mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Kama haijatoka hapo kwa miguu yake, itatoka vipande vipande."

Ufundi wenyewe sikuwa nao, si utani. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayaandika hapa. Nilichokuwa nacho ni turubai la kuazima, balbu moja iliyovutwa kwa waya kutoka dirishani, spana za mshikaji wangu mwenye gereji mtaa wa pili, na ubishi. Hiyo ndiyo ilikuwa gereji yangu.

Nilidhani kazi kubwa itakuwa injini. Kumbe injini si kitu, adui ni kutu. Nilipong'oa zulia la sakafu upande wa dereva nikaona mchanga wa uani, yaani gari halina chini! Akaja fundi bodi mmoja, akaniambia ananimalizia siku mbili: anajaza puti, anapiga rangi, inang'aa. Nilikaribia kukubali. Lakini puti juu ya kutu ni poda juu ya jipu. Mshikaji wangu akanikataza. Tulikata bati bovu lote mpaka tukafika kwenye chuma kinacholia safi ukikigonga, tukachomelea bati jipya kidogo kidogo, hapa kidogo, pale kidogo, kwa sababu bati jembamba ukiling'ang'ania sehemu moja kwa moto linajikunja kama chapati. Tangi la petroli tulilitoa kwanza, tukalipeleka mbali na cheche. Ndani yake petroli ya mwaka 2006 ilikuwa imegeuka gundi. Tulitia kipande cha mnyororo na dizeli, tukalitikisa watu wawili kama tunapepeta mchele, mpaka mikono ikafa ganzi. Halafu msasa, halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wiki tano zilikwenda hapo peke yake.

Injini ilikuwa imekwama. Ukitazama chini ya boneti utadhani ilipata ajali, imelala upande, lakini Wafaransa waliilaza hivyo makusudi. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, tukaiacha ilowe. Kila jioni nilikuwa napitisha hendeli kwenye tundu la bampa la mbele, nasukuma. Wapi! Siku ya nane, bila kutegemea, hendeli ikashuka robo mzunguko. Nilipiga ukelele mpaka jirani akatoka na panga akidhani mwizi.

Furaha ilikuwa ya muda mfupi. Tulipofungua tukakuta silinda mbili zimeliwa na kutu na ringi zimeng'ang'ania kwenye pistoni. Hapo mshikaji wangu akaleta hoja ya wajanja wote wa mjini.

"Achana na huyu mzee. Weka injini ya Corolla, wiki moja uko barabarani."

Nikasema mguu huu hautoki. Giaboksi ingebadilika, shafti ingekatwa, na ile gia ya kwenye usukani ambayo baba aliicheza kwa vidole viwili ingekufa. Ningebaki na Corolla iliyovaa kanzu ya Peugeot. Na 404 ina jambo moja la heri: silinda zake ni mabomba ya chuma yanayochomoleka, yamezungukwa na maji. Zikichakaa huhitaji kukereza bloku. Unachomoa seti ya zamani, unaweka mpya na pistoni zake, basi.

Basi... kama unayo hiyo seti! Gari hilo saluni yake iliachwa kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975. Pikapu iliendelea mpaka miaka ya 80, lakini miaka ya 80 si jana. Nilizunguka Gerezani na Kariakoo mpaka nyayo zikaota sugu. Duka moja waliniuzia silinda za breki za 504, eti "404 na 504 ni mtu na kaka yake". Nilipofika nyumbani zikagoma kuingia. Kurudisha wakakataa. Mwishowe, kwenye stoo ya mzee mmoja wa Kiasia, nikakuta seti kamili ya silinda na pistoni. Boksi limeliwa na mende, chuma chenyewe bado kina grisi ya kiwandani. Bei, laki tatu na nusu.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo nilipoharibu.

Mfukoni nilikuwa nazo laki tatu na nusu, lakini si zangu. Mama alikuwa amenituma asubuhi ile nikalipie saruji. Nilisimama pale stoo, mzee ananitazama, mimi natazama boksi. Nikajiambia nitazirudisha kabla hajajua. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu.

Siku ya nne fundi ujenzi akaja kuulizia saruji. Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kukimbilia. Alikaa kwenye kigoda chake, akakung'uta unga mikononi taratibu, akasema, "Baba yako naye alianza hivi hivi."

Halafu akanisimulia jambo ambalo miaka yote sikuwahi kulisikia. Mwaka 2002 dada yangu alifaulu kwenda sekondari. Ada ilikuwa imeshapatikana, imefungwa kwenye kitambaa. Giaboksi ya pikapu ikafa wiki hiyo hiyo. Baba akachukua kile kitambaa. Gari likapona, na dada akakaa nyumbani mwaka mzima akiuza maandazi na mama, sare yake imetundikwa ukutani.

"Kila ukigonga nyundo hapo nje," mama akasema, "mimi naisikia ile sare."

Sikula siku ile. Mimi niliyejiona mlinzi wa heshima ya baba, kumbe nimerithi na deni lake! Jioni nikampigia simu dada, siku hizi yuko Morogoro na familia yake. Nikamuuliza kama ni kweli. Kimya kidogo, kisha akacheka, si kicheko cha furaha sana.

"Ni kweli. Nililia mpaka nikachoka. Lakini mwaka uliofuata baba alinipeleka shule na pikapu hiyo hiyo, sanduku na godoro nyuma. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akaniambia, 'Nisamehe, mwanangu.' Sikuwahi kumsikia baba akimwambia mtu maneno hayo."

"Sasa nifanyeje dada?"

"Mlipe mama. Halafu uimalize, usiiache juu ya mawe tena."

Nikaenda kwa mama, nikapiga magoti, tukapatana: kila wiki nilete kitu, kidogo au kikubwa. Mchana nikawa nabeba tofali za watu kwenye saiti, usiku nafunga injini. Gasketi, silinda, pistoni, kabureta ya Solex tukaiosha mpaka ikawa kama kijiko cha harusi. Platina tukaipima pengo la milimita 0.4. Tarehe 25 Agosti tukawa tayari kuwasha.

Haikuwaka. Ikafanya jambo baya zaidi, ikatema moto kwenye kabureta! Paa! Kuku wote hewani. Tukaangalia nyaya za plagi: moja, tatu, nne, mbili, mpangilio ndio huo huo. Tukarudia. Paa! Siku tatu mtaa mzima ulikuwa unatucheka, watoto wakikaa ukutani na mihogo yao ya kukaanga kama wako sinema.

Zikiwa zimebaki siku tatu mama mwenyewe, ndiyo, mama mwenyewe, akaniambia yupo fundi wa zamani wa baba anaishi Mbagala, hana nguvu lakini akili zote anazo. Nikamfuata na bajaji.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii bado ipo?" Akaipapasa boneti kwanza, ndipo akauliza, "Silinda namba moja ni ipi?"

Nikamwonyesha ya mbele kabisa, kwenye feni. Yule mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Hiyo ni namba moja ya Mjapani! Mfaransa anahesabu kuanzia nyuma, kwenye klachi. Umezigeuza zote."

Kumbe mpangilio ulikuwa sawa ila tuliuanzia kichwa chini. Cheche ilikuwa inafika mzunguko mzima wa injini kabla ya wakati wake, vali ya kuvuta hewa ndiyo kwanza inaanza kufunguka, na moto unapata njia ya kurudi kwenye kabureta. Mzee akahamisha nyaya nne tu, ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tatu. Hata spana hakushika. Akaniambia, "Zungusha."

Ikanguruma. Moshi wa bluu ukajaa uani, ikakohoa, ikatulia, ikaanza ile sauti ya tak-tak-tak ambayo niliisahau na nikaikumbuka papo hapo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakutabasamu, msitarajie sinema. Alisimama hapo mpaka tulipoizima, kisha akamletea yule mzee chai.

Tarehe 30 Agosti pikapu ilitoka uani kwa miguu yake, mita kama 60 za vumbi, mimi kwenye usukani, breki zikishika upande mmoja zaidi ya mwingine. Sasa inakaa kwenye kiwanja cha jirani chini ya mwembe. Rangi bado, ni nyekundu ya kutu na mabaka. Barabara kuu sijaigusa, maana kadi ni ya jina la marehemu na mambo ya mirathi hatujayamaliza. Amekuja mtu anataka kuinunua apigie picha za video, ametaja hela nzuri. Mama kasema hilo niulizane na dada, yeye hamo.

Vyumba vimefika kwenye linta. Mimi bado nadaiwa laki moja na themanini. Mhariri akitoa malipo ya makala hii, mama ameshasema yapitie kwake kwanza.