ONYO LA SIGARA: LIMESOMWA, LAKINI LIMEELEWEKA?



Wakati wa mapumziko, kiwandani au shambani, sigara moja huwashwa ikapita mikononi mwa watu wawili au watatu. Ukiwauliza wenzetu hao kama sigara ni mbaya, wote watakubali. Ukiwauliza inadhuru namna gani, wengi watajibu, "Kifua." Na ukiuliza kama wao wenyewe wamo hatarini, watakutajia mzee fulani aliyevuta miaka 50 na bado analima. Onyo wamelisikia, lakini maana yake haijawafikia.

Kusoma si kuelewa

Kuwa na uelewa wa afya ni kuweza kupata habari za afya, kuzifahamu, kuzipima na kuzitumia. Mtu aweza kusoma gazeti zima, na bado maneno kama "saratani" au "mishipa ya damu" yakampita. Uchunguzi wa wavutaji wenye kipato kidogo katika mji wa Houston, Marekani, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wale wenye uelewa mdogo wa afya walijua machache zaidi juu ya madhara ya sigara, waliiona hatari kuwa ndogo zaidi, na nikotini ilikuwa imewashika zaidi. Basi tusimwite mwenzetu asiyeacha sigara mjinga au mkaidi. Mara nyingi ameonywa kwa maneno asiyoyafahamu.

Sheria na pakiti

Marekani ilianza kuweka onyo katika pakiti mwaka 1966, kwa maneno machache tu. Canada ilitangulia kuweka picha kubwa za madhara mwaka 2001, na picha humfaa hata asiyejua kusoma. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unataka maonyo makubwa yanayosomeka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliagiza onyo liandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inataka onyo lichukue si chini ya asilimia 65 ya uso wa pakiti.

Hizo ni hatua njema. Lakini mfanyakazi anayenunua sigara moja moja kibandani haioni pakiti. Sheria hiyo ya Uganda inakataza kuuza sigara moja moja, hata hivyo biashara hiyo tunaiona kila siku. Kwa hiyo mwenye mshahara mdogo ndiye anayefikiwa kidogo na onyo.

Makosa matatu tunayoyasikia

(a) "Yangu ni nyepesi, tena ina kichungi." Kichungi hakiondoi sumu. Anayevuta sigara inayoitwa nyepesi huvuta kwa nguvu zaidi au huongeza idadi, mpaka apate nikotini ile ile. Ndiyo sababu mkataba tuliotaja unapinga maneno kama hayo katika pakiti.

(b) "Mzee fulani hakudhurika." Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha. Tuseme hivi: katika gengi la wavutaji kumi, hadi watano wataweza kuuawa na tumbaku. Mzee yule ni mmoja wa waliosalia. Waliokufa hawapo kutoa ushahidi.

(c) "Nimekwisha kuchelewa." Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa kiasi cha nusu. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Vumbi na moshi

Liko jambo ambalo pakiti haimwambii mfanyakazi. Uchunguzi wa wafanyakazi wa Marekani waliofanya kazi na asbesto, uliochapishwa mwaka 1979, ulilinganisha vifo vya saratani ya mapafu. Asbesto peke yake iliongeza vifo hivyo mara 5 hivi, sigara peke yake mara 10 hivi, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50. Madhara hayakujumlishwa tu, yalizidishana.

Hapa tuwe macho. Mwajiri asije akaitaja sigara ya mfanyakazi ili akwepe wajibu wake wa kuondoa vumbi. Hesabu hiyo yenyewe inaonyesha kwamba hata asiyevuta alidhurika. Tunadai hewa safi kazini, na papo hapo tunaambizana ukweli juu ya sigara.

Kazi ya matawi

Onyo la kutisha tu, lisiloonyesha njia ya kutokea, humfanya mtu ageuze uso. Kwa hiyo tunayaomba matawi yafanye haya:

1. Kueleza kwa lugha inayosemwa kambini na kwa mifano ya kazi yetu. Badala ya "magonjwa ya mfumo wa hewa", tuseme "kushindwa kupanda mlima na kikapu cha chai".

2. Baada ya kueleza, kumwomba msikilizaji arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, kosa ni la mwelezaji, aeleze tena.

3. Kumwalika mganga au muuguzi wa zahanati aonyeshe jinsi ya kuacha: kuchagua siku, kuwaambia wenzako, na kutokata tamaa ukirudia. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu.

4. Kutomcheka wala kumshtaki kwa mnyapara mwenzetu anayevuta.

Mwanachama akiisha kuelewa hatari yake, ataamua mwenyewe, naye ataweza kumweleza jirani yake. Tuanze katika mkutano ujao wa tawi.